Swichi Kuu ya Ndege ya Marijani

Marijani alizima swichi kuu, akakung'uta mikono, na taa nyekundu ya dashibodi ikabaki inawaka.

Alikuwa fundi umeme wa magari mjini Karatu, na ile ndege ndogo ya viti viwili alikuwa akiiunda mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwenye banda alilokodi Mbulumbulu katikati ya mashamba ya ngano. Akaifungua swichi, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Taa vilevile. Akachomoa waya wa betri. Taa haikuzimika, na harufu ya nywele zinazoungua ikaanza kutoka nyuma ya dashibodi.

Akampigia simu Lekoko, mfugaji wa Olbalbal aliyemuuzia swichi hiyo.

"Kaka, hii swichi uliitoa wapi?"

"Kwenye mabaki ya ndege iliyoanguka zamani huku kwetu. Wazee walikataza kuchunga pale. Nilidhani ni maneno tu."

Marijani hakumwambia mkewe. Kesho yake Hajira akampelekea chakula cha mchana, ukungu ukiwa umeshuka, naye Marijani ametoka kuchota maji. Aliporudi, ile harufu ilimpokea njiani, akatupa ndoo akakimbia, na mlangoni akamwona Hajira kwenye kiti cha rubani, amejifunga mkanda, macho wazi hayapepesi, na waya wa betri bado umechomolewa, na swichi imezimwa, na bado pangaboi la mbele linazunguka bila mngurumo wowote, ndege ikijisogeza taratibu kuelekea nje, naye Marijani akauvuta mkanda, ukakataa kufunguka, akauvuta tena, mpaka akaukata kwa kisu na kumburuta mkewe hadi kwenye ngano iliyolowa.

"Mwache," Hajira akanong'ona kwa sauti ya kiume. "Tunaondoka."

Sheikh Sadiki, aliyezoea kuwasomea watu wenye majini pale mjini, aliitwa akamsomea hadi alasiri, ndipo jini aliyekuwa ndani yake akajibu.

"Nilikuwa nimetulia kwangu. Mmenileta huku, basi nipeni safari."

"Safari hupati," sheikh akasema polepole. "Kwako tutakurudisha."

Waliing'oa swichi, wakaiviringisha kwa kitambaa cheupe, wakaenda na Hajira hadi Olbalbal, Lekoko akiwaonyesha mahali. Udongo ulipoifunika, Hajira akaangua kilio, akaomba maji, akauliza wanafanya nini porini. Marijani akamkumbatia mbele ya sheikh bila kuona haya. Ile ndege aliikatakata kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, Hajira alikuwa akianika nguo uani, ndege ya watalii ikapita chinichini kuelekea Ngorongoro. Akasimama, akaipungia mkono, akitabasamu kama mtu aliyeona jamaa yake.

"Unamjua rubani?" Marijani akamuuliza.

"Rubani simjui," Hajira akasema, akiinama kuchukua nguo nyingine. "Namjua huyo aliyekaa nyuma yake."