Mfunga Safu

Ulimi hauna habari ya msiba. Jioni ile mama alimwita kitinda mimba wake alete ndoo, kwa mazoea tu, ilhali wiki hiyo hiyo walikuwa wamemzika. Chumba cha uani kikajibu, "Nipo, mama." Harufu ya mawe mabichi ikaingia hadi jikoni.

Kaka mtu alikuwa kizingitini akikwangua tope kwenye viatu vyake vya mlimani. Kisu kikamponyoka. Sauti ile aliijua.

Yeye na mdogo wake walikuwa wakiongoza wageni kwenye njia ya miamba. Yeye mbele, mdogo mtu nyuma kabisa, akifunga safu. Sheria ya kazi ilikuwa moja: kila kona ya genge kiongozi asimame, arudi nyuma, amguse wa mwisho mkono. Huko juu, walifundishwa, sikio halina uaminifu. Lakini mazoea yana taabu, nao siku za karibuni walikuwa wakiitana tu. Siku ile ya ukungu na utelezi, kila kona aliuliza, "Upo?" na kila kona akajibiwa, "Nipo, kaka." Walipofika chini, wageni walikuwa kamili, na nyuma yao hakuna mtu. Kesho yake walimkuta maiti, chini ya kona ya kwanza.

"Mama, usiongee nalo," alinong'ona sasa. "Si yeye."

"Uliniletea maiti," mama akamjibu. "Huyu ananiitikia. Niache."

Tangu hapo akawa anaita makusudi, asubuhi na jioni, chakula hagusi, ameegemeza shavu kwenye mlango wa kile chumba ambacho kuta zake zilianza kutoka maji bila mvua, na kila alipoitikiwa mwili ulizidi kumwisha, na ndani kukasikika kokoto zikiporomoka, zikiporomoka, kana kwamba chumba hakina sakafu.

Mganga akaletwa, mwanamke wa maneno machache. Alifukiza, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Jini la magenge hili. Linakula mwito. Mama, ni wewe tu wa kuliambia liende, la sivyo tutakuzika na wewe."

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anamzika mwanawe mara ya pili.

"Kabla hujaenda," akauambia mlango, "niambie. Alikufa palepale?"

"La. Alivunjika miguu. Alimwita kaka yake mpaka giza likaingia."

"Na hakuna aliyemjibu?"

"Nilimjibu mimi." Sauti ikabadilika, ikawa ya kaka mtu mwenyewe, na pumzi zake zote: "Vumilia, mdogo wangu. Nakuja."

Kaka mtu akaketi chini pale alipokuwa.

"Nenda," mama akasema.

Likaenda. Kuta zikakauka, na mganga akafunga kifurushi chake bila kuaga. Kaka mtu alijikokota hadi miguuni pa mama yake.

"Mama," alimwita.

Mama akaziba masikio.