Ukuta wa Chumba cha Mama

Mafundi wenzake walimwita Randa, jina la chombo cha kulainishia mbao, kwa sababu hakuna ubao uliopita mikononi mwake ukabaki na jeuri. Alikuwa seremala. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, alizunguka nyumba yake mpya na bisibisi mfukoni. Bawaba ikilia, aliikaza. Mlango ukikwaruza sakafu, aliung'oa akaupunguza. Mkewe alimwambia nyumba bado changa, aiache ipumue. Randa hakusikia la mtu.

Walihamia pale kwa ajili ya mama yake, mwenye pumu. Nyumba waliyopanga zamani ilikuwa na madirisha finyu na kuta zenye ukungu mweusi. Ukungu ulipakwa rangi, ukarudi, ukapakwa tena. Wakati wa kununua, Randa alivutiwa na nyumba kuukuu yenye milango ya mbao nzito. Mkewe akakataa. Alitaka nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuficha maradhi yake kwa rangi. Wakanunua mpya: madirisha mapana, nyaya mpya, paa lisilo na kiraka.

Asubuhi moja mkewe aliingia kutandika kitanda cha mama, akaona ukuta wa upande wa bafu umelowa. Doa lilikuwa na ukubwa wa sinia. Baada ya siku chache lilifika usawa wa mto. Mama akaanza kukohoa, kifua kikipiga filimbi kama zamani. Kitanda kikahamishiwa sebuleni.

Randa alinuna kana kwamba ukuta umemtukana. Akaleta nyundo na tindo. Alisema atabomoa, ataziba bomba, atapiga plasta, na jioni mama atarudi chumbani.

"Bomba lenyewe limepita wapi?" mkewe aliuliza.

"Humo."

"Humo wapi, Baba? Ukuta wote ni humo."

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni na mapazia aliyowashonea. Alikuwa amenunua nyumba kwa mjenzi huyohuyo, miezi kadhaa kabla yao. Aliyaweka mapazia kitini, akaitazama nyundo.

"Shemeji, ukibomoa wewe, kosa linakuwa lako."

"Na sasa ni la nani? Si nyumba nimeinunua?"

"Nyumba umenunua. Kosa la ujenzi bado ni la aliyejenga, mpaka mwaka uishe. Ukilichokonoa, watasema umeliharibu wewe."

Mke wa Randa akakumbuka. Siku ya kukabidhiwa funguo, msimamizi wa ujenzi aliwaeleza habari za dhamana ya mwaka mmoja. Wakati huo Randa alikuwa amepiga magoti, anapapasa fremu ya mlango na kuguna.

Randa alisema yeye si mtu wa kwenda kulialia ofisini. Fundi mzima, amwombe fundi mwingine? Jirani alicheka. Dirisha lake, alisema, lilikuwa likiingiza maji, naye akaona haya, akawa analiziba kwa matambara. Siku aliyokwenda kueleza, hakuna aliyemkunjia uso. Walikuja wakalibadilisha, wala hawakumdai kitu. Aliwashauri wafunge maji ya bafu, wapige picha ya ukuta, waende leoleo doa lisije likakua. Tena akasema kila mjenzi ana masharti yake. Mnunuzi aulize mapema dhamana inahusu nini, na inaisha lini.

Randa alikuwa bado ameishika nyundo. Huko sebuleni mama alikohoa, akakohoa tena, kisha akaita.

"Mwanangu, kifua ni changu, kiburi ni chako. Weka chini hicho cha kwako."

Randa akaweka nyundo.

Siku ileile wakaenda ofisini kueleza. Kesho yake msimamizi alikuja na fundi bomba yuleyule aliyelaza mabomba ya nyumba ile. Fundi hakubahatisha. Alipima kutoka kwenye kona, akaweka alama ya chaki, akafungua tundu dogo kuliko sahani. Kiungo kimoja cha bomba hakikukazwa vizuri. Randa alichungulia, kisha akaonyesha pale alipokuwa amekusudia kupiga tindo.

"Na hapa pana nini?"

"Waya wa taa ya bafu."

 Randa akaenda jikoni kumchemshia fundi chai, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu waoane.

Kiungo kikabadilishwa. Ukuta ukaachwa ukauke, madirisha wazi, ndipo wakapiga plasta na rangi. Msimamizi aliuliza kama kuna kasoro nyingine. Mke wa Randa akataja soketi iliyolegea, ikatengenezwa palepale. Randa akataja milango, kwa sauti ya chini. Msimamizi aliikagua, akatikisa kichwa. Hiyo iliyokwisha kupunguzwa haikuwa tena juu yake.

Mama alirudi chumbani kwake. Siku zote yeye ndiye aliyetangulia kuamka, maana kifua hakikumwacha alale. Asubuhi iliyofuata chai ilichemka, ikanywewa, mama hajaonekana. Randa akaingia kwa hofu, akamgusa bega. Mama akafumbua jicho moja.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi toka, nilale."