Sauti za Kibiti Zahamia Winguni

Kila asubuhi Mwantum aliisikia kompyuta ya ofisi kabla hajaufikia mlango. Ilikuwa kompyuta kubwa, ya aina iitwayo seva, nayo ilivuma kama mashine ya kukoboa mpunga iliyo mtaa wa pili. Haikuzimwa mchana wala usiku. Umeme ulipokatika, na pale Kibiti ulikatika mara kwa mara, Badru, mtunza ofisi, alikwenda uani kuvuta kamba ya jenereta. Moshi ulirudi ndani kupitia dirisha. Kiyoyozi nacho kilikuwa hakipumziki, maana seva haikutaka joto. Mwantum alifanya kazi akiwa amejitanda khanga mbili.

"Mgonjwa huyu tunamlea vizuri kuliko wazazi wetu," Badru alikuwa akisema, huku akijifuta mafuta mikononi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kampuni za simu zilikuwa zikishindana kusimika minara kando ya barabara ya kusini, na simu za mkononi zilikwisha kuingia hata mashambani. Lakini wazee waliojua mambo ya zamani walikuwa wakipungua. Ndipo watu wa Kibiti walipoanzisha Umoja wa Sauti za Wazee. Mwantum alikuwa katibu wake. Alizunguka na kinasa sauti, Mohoro, Ngarambe hadi Mloka, akirekodi wazee wakisema na kuimba. Kila alichorekodi alikiingiza ndani ya ile seva waliyopewa na wafadhili.

Sauti zenyewe zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na za watu wote: hadithi, majina ya mikono ya mto kule delta, unapoingia baharini, na namna ya kuwafukuza tembo shambani. Na kulikuwa na za wanawake peke yao. Hizo ni nyimbo za unyago, ambazo kungwi humfundishia mwali ndani ya nyumba, na mwanamume hazisikii.

Siku moja Mwantum alifika ofisini akakuta kimya. Badru alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Umeme ulirudi kwa kishindo, dada Mwantum," alisema. "Kisha nikasikia harufu ya kuungua."

Mwantum alibonyeza kitufe. Hakikuwaka kitu. Alibonyeza tena. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya Bi Mwanawetu, kungwi mkubwa, aliyefariki masika yaliyopita. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Mwantum alikaa kitako sakafuni, akahisi kama ndiyo kwanza amepata habari za msiba.

Walimwita Sabra kutoka Ikwiriri. Alikuwa fundi wa kompyuta, binti wa Mohoro aliyesoma Dar es Salaam akarudi nyumbani. Aliifungua seva, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ndogo. Mwantum alikaa akiitazama taa ndogo ya diski iliyokuwa ikipepesa.

Baada ya muda sauti ikatoka. Ilikuwa ya Bi Mwanawetu, akikohoa kidogo kabla ya kuanza kusema.

Mwantum alijifunika uso kwa khanga.

"Ziko salama, karibu zote," alisema Sabra. "Lakini mmenusurika tu, dada. Kila kitu mmekiweka mahali pamoja, tena ndani ya kitu kinachoweza kuungua. Afadhali mzihamishie kwenye wingu."

"Wingu lipi?"

"Si hili la mvua. Ni jina tu. Kuna majumba makubwa mbali na hapa, yamejaa kompyuta zinazotunza mambo ya watu wengi. Unapeleka sauti yako kwa intaneti, nao wanaiweka mahali pengi. Nyumba moja ikipata moto, nakala iko nyingine. Ukiitaka, unaiita, inakuja."

Badru aliuliza, "Na hii seva?"

"Nitaitengeneza ifanye kazi mpaka tuhame, kisha mtaizima. Inakula umeme kutwa kucha, na kazi yenyewe inafanya kidogo tu. Kule kompyuta moja inahudumia wengi kwa pamoja, haikai bure. Hapa ninyi mtabaki na kompyuta ndogo na modemu ya kuingia intaneti. Paneli moja ya sola juu ya bati inatosha. Kiyoyozi cha nini tena?"

Badru alilitazama jenereta kupitia dirisha.

Lilibaki jambo moja, tena gumu. Sauti hazikuwa za ofisi. Zilikuwa za wenyewe. Na kwa nyimbo za unyago, mwenye idhini alikuwa Bi Sikudhani. Yeye na marehemu Bi Mwanawetu walichezwa ngoma pamoja wakiwa wasichana, wakawa makungwi pamoja.

Mwantum alimkuta uani kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kompyuta yenu imekufa. Mwenzangu amekufa mara ya pili?"

"Amepona, bibi. Lakini tunataka kumhamisha." Mwantum akaeleza, kama Sabra alivyomweleza.

Bi Sikudhani aliweka ungo chini. "Mwaka jana nilipita barabarani, nikasikia wimbo wa ndani unatoka ofisini kwenu. Wanaume wa bodaboda wameegemea pikipiki zao, wanasikiliza. Nilirudi nyumbani sikula. Nikanyamaza kwa sababu yako. Sasa unataka kuupeleka kwa walimwengu wote?"

Mwantum aliinamisha kichwa. Aliikumbuka siku ile. Badru alikuwa akijaribu spika, hakujua alichofungua. Nywila ya seva ilikuwa moja kwa watu wote, tena imebandikwa ukutani. Kila aliyeingia ofisini aliweza kufungua kila kitu.

"Kosa lilikuwa letu, bibi," alisema. "Njoo ofisini. Umwulize fundi mwenyewe. Ukisema hapana, ni hapana."

Bi Sikudhani alikuja Jumamosi, akaletewa kiti. Badru alitoka nje bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Sabra.

"Marahaba. Hao wenye majumba yenye kompyuta, watasikia nyimbo zetu?"

"Hawatasikia. Kabla ya kuzipeleka tunazifunga hapa hapa. Tazama."

Sabra alichukua wimbo mmoja, akamwomba Mwantum aandike maneno ya siri, yeye mwenyewe akigeukia ukutani. Kisha akageuka, akajaribu kuufungua wimbo ule bila yale maneno. Kwenye kioo cha kompyuta zikajaa alama zisizo na mwanzo wala mwisho. Spika haikutoa chochote.

"Hiki ndicho watakachokiona kule," alisema. "Hata mimi niliyeufunga siwezi kuufungua. Maneno yale ndiyo funguo; bila funguo hakuna wimbo."

Bi Sikudhani alisogeza uso karibu na kioo. Alizitazama alama zile kwa muda mrefu.

"Na funguo anakaa nazo nani?"

"Mnaamua ninyi wanawake. Ila asikae nazo mtu mmoja, maana zikipotea na wimbo umepotea."

"Maneno yawe ya Kindengereko, lugha yetu," alisema Bi Sikudhani. "Marefu. Nitayachagua mimi. Nitakaa nayo mimi, na Mwantum, na bibi mmoja wa Mloka ninayemjua."

"Hata hivyo, msilitegemee wingu peke yake," Sabra aliongeza. "Diski moja muifungie kabatini, isiunganishwe na kitu. Na mkataba wa wenye wingu muusome. Waseme sauti ni mali yenu, na mkitaka kuondoka mtaondoka nazo."

Wakaanza kwa kupunguza. Sabra alisema wingu nalo linakula umeme, hivyo si vizuri kulijaza takataka. Mwantum alikuta hadithi moja imewekwa mara nne, na rekodi za upepo mtupu. Akafuta. Zilizobaki wakazipeleka kidogo kidogo, alfajiri mtandao unapokuwa mwepesi. Kila mtu akapewa jina na nywila yake. Badru alifungua hadithi tu. Nyimbo za ndani hata majina yake hakuyaona.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka," alisema Badru. "Sitaki tena kumkosea bibi kwa kutojua."

Kuingia kukawa na milango miwili. Ukishaandika nywila, simu yako inaletewa namba, nayo lazima uiandike. "Namba hiyo usimpe mtu," Sabra alisisitiza. "Hata akisema yeye ndiye mwenye wingu."

Siku waliyoizima seva, Badru alizima kiyoyozi, kisha jenereta. Kimya kikaingia ofisini. Mwantum alisikia twanga twanga ya kinu nyumba ya jirani, na ndege kwenye mnazi. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakujua kama jirani hutwanga saa zile. Juu ya meza palikuwa na kompyuta nyembamba kama sinia, inakula jua. Alifungua hadithi ya Ngarambe, ikasema. Alifikiri umbali ambao sauti ile ilikuwa imesafiri kuja, akapata baridi mikononi bila kiyoyozi.

Ilipita miezi kadhaa. Asubuhi moja alipata ujumbe kwenye kompyuta. Ulisema akaunti ya Umoja itafungwa leo, na kila kitu kitafutwa, asipoandika nywila yake upesi. Aliandika. Mara simu ikalia, namba zimeingia. Na pale kwenye kioo pakatokea sehemu tupu, ikimtaka aziandike namba hizo.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo akakumbuka alivyoambiwa na Sabra, namba asimpe mtu hata mwenye wingu, akajiuliza ni nani aliyekuwa akibisha mlango wa pili kwa jina lake. Akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Akampigia Sabra.

"Ni mwizi huyo," Sabra alisema kwa utulivu. "Nywila anayo, namba hana. Ingia kwa njia yako ya kila siku, badilisha nywila sasa hivi. Ninasubiri kwenye simu."

Mwantum alibadilisha. Kisha wakaangalia walioingia. Hakuwepo mgeni.

"Amebaki nje," alisema Sabra. "Na hata angeingia, nyimbo za ndani angekuta alama tu. Wewe si wa kwanza kudanganywa, dada. Waeleze na wenzako wajue."

Mchana ule ule Mwantum alikwenda kwa Bi Sikudhani. Alikuwa na hofu, lakini aliona ni aibu zaidi kumficha. Akamsimulia yote, na namna alivyoandika nywila kwa mikono yake.

"Mara ile ya bodaboda hakuna aliyekuja kuniambia," alisema Bi Sikudhani. "Leo umekuja. Umebeba nini hapo kwapani?"

Ilikuwa ile kompyuta ndogo. Bi Sikudhani aliita wajukuu zake wa kike chumbani, akamtuma mmoja akaufunge mlango. Mwantum alichomeka modemu. Bi Sikudhani akamwinamia sikioni, akamtajia maneno ya siri polepole, ingawa Mwantum aliyajua. Alitaka kuyasema mwenyewe.

Alama zikaondoka kwenye kioo. Kikaja kikohozi kidogo. Kisha Bi Mwanawetu akaanza kuimba, mle chumbani, karibu kabisa, na pumzi yake ikisikika katikati ya maneno.

Msichana mmoja alitazama juu darini, kisha akaitazama tena kompyuta. Bi Sikudhani aliweka kiganja juu ya meza karibu na spika, kama mtu anayepapasa mgongo wa mwenzake. Midomo yake ilifuata wimbo, bila sauti.

Wimbo ulipokwisha, aliondoa kiganja mezani.

"Alikuwa anaruka ubeti wa tatu," alisema. "Tangu ujana. Nilimwambia kila mara, akawa anacheka. Kile kinasa sauti chako unacho?"

"Ninacho, bibi."

"Kiwashe. Kuna ubeti huo, na kuna wimbo mwingine baada yake. Huo sikuutoa ulipokuja mara ya kwanza. Nilikusudia kuondoka nao."

Mwantum alikiwasha, akakiweka mezani mbele yake. Bi Sikudhani alijifunga khanga vizuri kiunoni, akasafisha koo, akaanza.