Usukani wa Marehemu Chomba

Jumamosi ile nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, hapa Hewa Bora, nachambua maharagwe huku nikimsikiliza jirani akigombana na kuku wake. Vumbi la Juni lilikuwa pale pale, umeme ulikuwa umekatika. Siku ya kawaida kabisa. Ndipo mdogo wangu Chileshe akaingia bila kubisha hodi, akaniambia amejiandikisha kwenye mashindano ya magari.

"Na motokari gani?" nikamuuliza.

"Njo ile niko natafuta, yaya." Ndilo hilo analitafuta, ananiambia mimi dada yake mkubwa.

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza, na mpaka leo hazijaisha.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya watu kama sisi, si ya mabingwa. Chama cha wapenzi wa magari kilikuwa kimeomba kipande cha barabara ya vumbi, upande wa Kasenga, kifungwe asubuhi moja ya Jumapili. Ulitakiwa uwe na gari zima lenye usukani wa kushoto, kama sheria ya nchi inavyotaka, na msaidizi wa kukaa pembeni yako. Mke wa Chileshe, Nono, alikuwa na mimba kubwa. Alinivuta jikoni kwake akanishika mikono yote miwili.

"Yaya Brigitte, weye njo utakaa naye. Unirudishie bwana yangu."

Nikamwahidi. Ningesemaje? Chileshe akishashika jambo, hata umwombee misa haliachii.

Basi tukaanza kuzunguka kutafuta gari la bei yetu. Jumamosi moja, nyingine, na nyingine tena. Gari la kwanza lilikuwa limepakwa rangi ya kupendeza, lakini ukifunua injini unakuta imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. La pili lilikataa gia ya tatu, na muuzaji akatuambia bila aibu kwamba gia ya tatu si ya lazima. La tatu lilikuwa zima, ila aliyeliuza hakuwa mwenyewe. Mwenyewe alitokea wakati tunapatana bei, akiwa na rungu. Nilichoka. Vumbi lilinijaa puani, viatu vikaisha, na kila muuzaji alimwita Chileshe "mukubwa", naye akatabasamu kama bwana harusi.

"Cha rahisi ni ghali," nilimwambia.

"Na cha ghali sina," akanijibu.

Mwishowe mtu mmoja wa sokoni akatuelekeza Sakania, kwa mjane aliyekuwa anauza gari la marehemu mumewe. Sakania ni mpakani, Zambia iko pale ng'ambo, na magari mengi ya kule yana usukani wa kulia. Hili nalo lilikuwa hivyo. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, na liliwaka kwa mguso wa kwanza. Nililitafutia kasoro kama ninavyotafuta mawe kwenye maharagwe, maana hasira zangu zilihitaji kitu cha kushika. Nilipata moja tu. Chini ya miguu ya dereva, zulia lilikuwa limetoboka. Lilikuwa tundu la mviringo, na hata bati lililokuwa chini yake lilikuwa limelika.

"Ile ni kisigino ya bwana yangu," alisema yule mjane. Jina lake Mwansa, mama mtaratibu, kitambaa cheusi bado kichwani. "Chomba alikuwa anapenda mbio. Alikufia mule mule, apa mu parcelle, mbele ya nyumba. Tulimukuta amekaa, mikono ku volant, muguu iko nakanyaga. Motokari ilikuwa nalia yenyewe."

Chileshe hakuwa anasikiliza. Alikuwa anapapasa usukani.

"Tutahamisha volant ku gauche, mama," alisema. "Bila ile habatatuacha tukimbie."

Mama Mwansa akanigeukia mimi, akapunguza sauti. "Mbele ya kuhamisha, muniite. Nikuje nimwambie. Muntu habamuhamishake bila kumwambia."

Nilimwelewa. Kwetu mtu akifa, vitu vyake havigeuzwi ovyo. Jamaa hukaa, hunyunyiza unga mweupe kidogo chini, humwambia marehemu kinachofanyika na mahali pa kwenda kupumzika. Tunakwenda kanisani kila Jumapili, na ya padri tunamwachia padri, lakini hili tunalijua. Nikamwapisha Chileshe kwamba atampigia simu mama yule kabla fundi hajashika spana.

"Nilimupigia, yaya," aliniambia siku mbili tatu baadaye. "Alisema hakuna shida."

Fundi Rigobert, wa Kampemba huku huku, akahamisha usukani na pedali zote kwenda kushoto. Upande wa kulia akaziba tundu kwa bati jipya, akatandika zulia jekundu. Kazi nzuri, siwezi kumnyima sifa. Kesho yake nilipokwenda kukagua, zulia jekundu lilikuwa na tundu upande wa kulia, pale pale, la mviringo.

Nilimfokea Rigobert kwa kutandika matambara. Akabadilisha zulia bila kubishana. Tundu likarudi. Nilipokuja kufoka mara ya pili, alinivuta nyuma ya mti wa avokado, akanong'ona.

"Yaya Brigitte, pedali haiko tena kule. Niliondoa yote. Lakini jana muchana, moteur imezima, nilisikia muntu mule ndani."

"Muntu gani?"

"Iko nakanyaga."

Chileshe alipoambiwa, alicheka. "Ni panya."

"Panya gani anavaa kiatu?" nikamuuliza. Akaendelea kufuta vioo. Nilitamani kumchapa makofi kama zamani, alipokuwa mdogo akiiba sukari. Mashindano yalikuwa Jumapili inayofuata, akasema, na hakuna gari lingine. Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulinikera zaidi.

Tulipofanya mazoezi, nilikaa kulia, penye kiti cha msaidizi. Sakafu chini ya nyayo zangu ilibonyea kidogo, ikarudi. Ikabonyea tena. Nilijiambia ni mashimo ya barabara. Chileshe alikuwa anashangilia.

"Motokari hii inajua roho yangu! Sijakanyaga, imeshaenda!"

Nilikunja miguu yangu nikaiweka pembeni, karibu na mlango, na sikuirudisha pale katikati.

Jumapili ikafika, asubuhi yenye jua na baridi ile ya Julai. Watu walijaa kandokando, watoto juu ya mabega, akina mama na mabeseni ya mikate. Magari yaliondoka moja moja. Zamu yetu ilipofika, Nono alinipungia mkono kutoka kwenye umati, mkono mwingine tumboni. Tukatoka.

Mwanzoni ilikuwa raha, nasema ukweli. Tulilipita gari la mbele yetu, kisha lingine. Vumbi likabaki nyuma. Chileshe alikuwa anaimba. Mbele kulikuwa na daraja jembamba, na tulikuwa tumekubaliana kabla ya daraja tupunguze mwendo, maana watazamaji walikuwa wamesimama pale pande zote mbili.

Chileshe akaacha kuimba.

"Yaya," alinong'ona. "Nimeachilia."

Nilitazama. Mguu wake ulikuwa umeinuliwa, hewani. Mshale wa mwendo ulikuwa unapanda.

"Kanyaga frein!"

"Niko nakanyaga."

Alikanyaga. Pedali ya breki ilizama mpaka chini. Gari halikujali. Usukani ulinyooka wenyewe, mikono yake juu yake ikawa ya bure. Daraja lilikuja. Niliona uso wa mama mmoja, beseni kichwani. Hakuwa anaangalia upande wetu.

Nikainamisha macho.

Mbele ya kiti changu, zulia lilikuwa limebonyea. Mahali pamoja. Lilibonyea kwa umbo la kiatu. Kisigino kwenye tundu. Vidole mbele. Vikikandamiza.

Sikufikiri. Niliweka mguu wangu pale. Chini ya unyayo wangu palikuwa na mguu mwingine. Mpana. Mgumu. Baridi yake ilipenya soli. Nilisukuma. Haukutikisika.

"Baba Chomba," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Ni sisi njo tulihamisha. Utusamehe. Sogea, baba. Sogea."

Ukasogea. Niliuhisi ukiteleza kutoka chini ya wangu, polepole, kuelekea kushoto. Kisha hapakuwa na kitu. Gari liliyumba, likakwaruza nguzo, likazimika palepale daraja linapoanza. Yule mama aliangusha beseni, mikate ikatawanyika vumbini. Hakuna aliyeumia.

Nililia, kisha nikamtukana Chileshe matusi yote ninayoyajua, kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Nilingoja anijibu. Yeye aliyekuwa amepoteza mashindano aliyoyaota mwaka mzima alikaa tu, mikono kwenye usukani, akiangalia ng'ambo ya daraja. Nikadhani ni mshtuko. Nilimrudisha kwa Nono mzima, bila jeraha, na nikajipongeza kwamba ahadi nimeitimiza.

Gari sikutaka kuliona tena. Wiki ile ile nikatafuta dereva, tukalirudisha Sakania, nikamwambia Mama Mwansa alichukue bure. Kwanza nikamuuliza kama Chileshe alimpigia simu.

"Simu gani, mama? Akuna muntu alinipigia."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mama Mwansa alivua viatu, akaingia upande wa kulia, akaweka kiganja ndani ya lile tundu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hayuko apa," alisema.

"Ameenda kupumzika?"

"Weye ulimwambia nini?"

Nikamweleza daraja, mguu, na maneno yangu yote.

"Ulimwambia asogee," alirudia taratibu. "Asogee aende wapi?"

Nilikuwa nimemwomba aondoke mahali pake na sikumwonyesha pengine. Mama Mwansa alikuwa anatazama kiti cha kushoto, alichokalia Chileshe siku ile. Alifunga mlango wa gari kwa upole, akaingia nyumbani mwake, akaniacha nimesimama pale uani.

Mtoto wa Nono alizaliwa Agosti, msichana, mzima. Chileshe anafanya kazi, analeta mshahara, hapigi mtu. Lakini haimbi tena. Tukipanda teksi anafungua mlango wa mbele wa kulia, anakaa, ananyoosha mikono yote miwili mbele yake, na kubaki hivyo mpaka tufike. Ukimwita jina lake anachelewa kugeuka. Nilimpeleka kwa padri, akamwombea. Nilimleta Mama Mwansa na unga wake, Chileshe akamtazama, akamwita kwa jina lake la utoto ambalo sisi hatukulijua, na mama yule akakimbilia barabarani akilia. Hajakubali kurudi. Nimempigia simu mpaka nimechoka.

Juzi mchana Nono alimtuma mtoto wa jirani aniite. Nilimkuta jikoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amesogeza meza ya kulia chakula, ameinua mkeka uliokuwa chini ya kiti cha Chileshe.

"Nimefunga na ciment mara mbili, yaya," alinong'ona. "Angalia."

Sakafu ilikuwa imetoboka. Tundu la mviringo, la kina cha kidole.

"Yaya Brigitte, siku ile ulinirudishia nani?"

Nilipiga magoti ili nisimtazame usoni. Chileshe alikuwa kazini tangu asubuhi, kiti kilikuwa kitupu, na nyumbani hapakuwa na moto uliowashwa. Nikatia kidole ndani ya tundu. Saruji ilikuwa bado ya moto, kama imesuguliwa na kisigino sasa hivi.