Ndoa Isiyo na Cheti

Dada yangu Lorna anaishi na Duane Hruska, mfanyakazi wa ghala la mahindi hapa kwetu Iowa. Wamelea mabinti wawili, sasa ni watu wazima. Mji mzima unamwita Bi Hruska, na ndilo jina analotumia hata kwenye karatasi zake. Kanisani wanajulikana kuwa mume na mke, na benki hivyo hivyo. Harusi tu ndiyo haikufungwa. Kwanza walisubiri mavuno yaishe, kisha paa likaharibika, kisha mama yake Duane akaugua. Mwishowe watu waliacha kuuliza.

Lorna hakuacha kuumia. Kila msimu wa kodi, yeye na Duane walijaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kila mtu na yake. Wote wawili waliweka alama penye "hana ndoa". Siku hiyo Lorna huunguza chakula, na ukimuuliza ana nini, anakwambia ushughulike na yako.

Mwaka huu niliwapeleka maktaba kwa Verla, mwalimu mstaafu anayejitolea kusaidia watu kujaza ritani. Verla alitazama karatasi zao, akavua miwani.

"Jina la ukoo moja, nyumba moja. Mbona kila mtu kivyake?"

Duane alimweleza kwamba hawana cheti cha ndoa. Alidhani bila cheti serikali haiwatambui.

Verla akawauliza kama wanaishi pamoja. Wakasema ndiyo. Akawauliza kama wanajitambulisha kwa watu kuwa mume na mke. Wakasema ndiyo.

"Na nyinyi wenyewe, mlikubaliana kuwa mume na mke?"

Lorna akainamisha kichwa. Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Duane si mtu wa maneno. Akikutana nawe barabarani, salamu yake ni kunyanyua kidole kimoja kwenye usukani.

"Tulikubaliana," Duane akasema polepole. "Ule mwaka wa theluji kubwa, umeme ulipokatika. Nilimwambia, kuanzia leo wewe ni mke wangu. Naye akasema sawa, na wewe ni mume wangu."

"Nilidhani umesahau," Lorna akasema.

"Nisahau vipi?"

Verla akatueleza taratibu. Iowa ni kati ya majimbo machache ya Marekani ambayo sheria zake zinatambua ndoa ya namna hiyo, hata bila sherehe. Ofisi ya kodi nayo inaitambua. Basi hawawezi kujaza kama watu wasio na ndoa. Watachagua kujaza ritani moja ya pamoja, au kila mmoja yake kama mwanandoa. Ya pamoja mara nyingi hupunguza kodi, lakini wote wawili wanawajibika kwa kila kilichoandikwa. Za miaka ya nyuma nazo zinahitaji kurekebishwa. Na wakitaka kuachana, ni mpaka mahakamani.

"Umesikia, shemeji?" nikamtania Duane. "Huna pa kukimbilia."

Hakuna aliyecheka. Sheria iliyoandikwa na watu wasiotujua ilimhesabu dada yangu kuwa mke, wakati mimi ndugu yake nilikuwa namhurumia kwa kutoolewa.

Walichagua ritani ya pamoja, na kodi yao ikapungua. Verla akawaonyesha pa kutia sahihi, maana lazima watie wote wawili. Duane akaanza. Lorna akashika kalamu, akamgeukia Duane.

"Kwa hiyo wakati wote huo nilikuwa mke wako?"

"Mimi nilijua," Duane akasema. "Nilidhani na wewe unajua."

Lorna akatia sahihi huku analia, mbele ya maktaba nzima.