Mguu wa Kushoto wa Safiyo

Kosa la Nuria lilikuwa kwamba aliitazama miguu, nyuso akazisahau.

Mwaka uliopita, katika msongamano wa soko la Nakuru, kijana mwenye koti la buluu alimkanyaga, akaomba radhi kwa wimbo mzima wa kodiani. Huyo ndiye Miraji. Ijumaa ijayo wazee wake wangeleta posa.

Jumamosi alasiri, harusini katika mtaa wa Bondeni, Miraji alikuwa akipiga. Kila mwisho wa ubeti aliichelewesha noti moja, kidogo tu, na wachezaji wote wakajikwaa hapo. Kisha akaingia mgeni, gauni la manjano, leso kiunoni. Mguu wake wa kushoto ulichelewa vilevile, ukatua pamoja na noti. Nuria alikuwa ameutafuta mwendo huo mwaka mzima bila kuupata. Kwa watu wa mtaa ule, kupatana hivyo kulikuwa na maana moja: wawili hao hufanya mazoezi faraghani.

Miraji alipopumzika, Nuria alimfuata nyuma ya turubai.

"Unamjua yule?"

"Safiyo? Kidogo. Ametoka Kisumu."

"Kidogo. Na amekupata kwa wimbo mmoja."

"Mpenzi, sijawahi kumpigia kodiani hata siku moja."

"Basi ulimfundisha kwa simu."

Miraji alicheka, akayaona macho yake, akaacha. "Nipe siku chache. Kuna mtu lazima ajue kabla yako."

"Kabla yangu? Waambie wazee wako wasijisumbue Ijumaa."

Muziki ulirudi, na Safiyo akacheza tena. Mama yake Miraji, mjane wa Mzee Ishak, aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Njoo, binti. Baba yako nani?"

Safiyo alimtazama Miraji. Kodiani ikanyamaza.

"Sema tu," mama alisema. "Mume wangu aliutupa mguu hivyo. Huyu mwanangu aliutupa hivyo kabla hajajua kutembea sawasawa, na sasa anaupiga kwa vidole. Hakuna aliyemfundisha. Ni damu."

"Baba yangu ni Ishak," Safiyo alijibu kwa sauti ndogo. "Namjua kwa picha tu. Nilimtafuta kaka mwezi huu. Aliogopa kukuumiza, mama."

Mjane akapigapiga mkeka. "Ishak nitamuuliza mwenyewe huko aliko. Wewe kaa."

Ndipo Nuria alipozitazama nyuso: paji moja, midomo ileile. Aibu ilimshika, lakini wivu haukumtoka. Sasa aliionea wivu damu yenyewe, iliyompa Safiyo bure kile alichokitafuta yeye kwa jasho.

"Kwa hiyo wazee wasijisumbue?" Miraji alinong'ona.

"Wajisumbue. Ila utanifundisha kule kuchelewa."

"Sijui ninavyofanya."

"Basi dada yako atanifundisha."

"Naye hajui."

Nuria akacheka bila kupenda.

Ijumaa posa ililetwa, Nuria akaikubali, na Safiyo akaketi upande wa jamaa za Miraji.