Niliirusha Siri ya Riziki kwa Waombezi

Nina miaka arobaini na saba. Mimi ni mjane, nauza vitenge hapa Kalemie, na kwa miaka tisa nilikuwa shemasi na mkuu wa waombezi wa kanisa letu. Nilikuwa, nasema! Leo akina mama wakiniona wananyamaza... Na wana haki.

Kwetu kuna maombi ya mnyororo. Kila mwombezi anafunga na kuomba saa yake nyumbani, akimaliza anampokeza mwenzake. Zamani mwenye shida aliketi nami uso kwa uso, nami niliwaambia waombezi neno moja tu: kuna dada ana mzigo. Basi! Simu zilipoenea tukafungua grupu. Maombi yakaanza kuja kwa odio, yaani sauti zilizorekodiwa, majina na machozi vyote ndani. Tuliona ni maendeleo.

Riziki nilimpenda kama mdogo wangu. Alizaliwa Kirungu, milimani juu ya Moba, akaolewa hapa na Bahati, mvuvi aliyetoka kaskazini mwa ziwa. Miaka minne ya ndoa, hakuna mtoto. Mama mkwe alikuwa akimsema mbele ya wageni.

Jumatano moja Riziki alinitumia odio. Alikuwa analia. Alisema kwamba kabla ya ndoa alijifungua mtoto aliyekufa, na madaktari wakamtoa kizazi ili wamwokoe. Bahati hakujua. Na hakuomba muujiza, wasomaji wenzangu! Aliomba nimwombee apate nguvu ya kumwambia mume wake yeye mwenyewe, akirudi kutoka ziwani Jumamosi.

Mimi nilifanya nini? Niliirusha odio ile kwenye grupu, kwa waombezi kumi na wawili. Nilijiambia kwamba maombi ya wengi yana nguvu. Uongo! Nilitaka waone siri nzito namna gani zinaletwa kwangu. Kiburi kitupu...

Mwombezi mmoja akamtumia dada yake, ili naye aombe. Dada akamtumia rafiki. Ijumaa odio ilikuwa imefika ufukweni, kwenye kambi ya wavuvi wanakoanika ndakala, dagaa wetu, na wanakolala hadi Jumamosi. Bahati alikuwa anakunja nyavu katika pirogi, mtumbwi wake, aliposikia sauti ya mke wake ikitoka katika simu ya mtu mwingine! Wenzake walijua ni nani anayelia pale. Wakairudisha mwanzo, wakacheka tena.

Jumamosi alirudi nyumbani. Hakumpiga mke wake. Laiti angempiga! Aliniita mimi pia, kwa kuwa odio ilinitaja, akatuketisha, akamwambia mke wake mbele yangu: "Kama njo wewe ungeniambia, tungelia sisi wawili. Sasa watu wa pirogi wananicheka. Muntu anaweza kuishi hivi?"

Nguvu ambayo Riziki aliiomba, mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Wakwe walifika wiki iliyofuata, na msichana wa kwao nyuma yao. Vyombo vya Riziki vilitolewa nje. Mama mkwe akamkabidhi ufagio, akamwamuru afagie chumba kwanza kwa ajili ya yule msichana, bibi mpya wa Bahati. Riziki akafagia... Mimi nilisimama uani nikitazama, shemasi mzima, mdomo umefungwa!

Na mchungaji wetu? Alisema nia yangu ilikuwa njema.

Nilimfuata Riziki bandarini siku alipopanda boti ya kwenda Moba, ili apande milima ya kwao. Nilipiga magoti mbele ya abiria wote. Nikamwambia anisamehe, nitamwombea usiku na mchana. Alinitazama kwa utulivu.

"Mama Shemasi," akasema, "nakuomba kitu kimoja tu. Usiniombee tena."

Nilifuta odio ile siku hiyo hiyo, na ushemasi nikauacha. Ilisaidia nini? Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kwenda sokoni, na dereva akaniuliza kama nimesikia ile ya mwanamke asiye na kizazi. Akaifungulia njia nzima, akicheka! Nikamlipa, nikashuka, nikalia kando ya barabara.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Wewe unayeletewa machozi ya watu, zima simu yako. Mwambie mtu aje aketi nawe. Asipoweza kuja, nenda kwake kwa miguu. Na ukisikia kidole chako kinataka kutuma siri ya mtu ili aombewe, jiulize kwanza ni nani unayetaka akusikie, Mungu au grupu? Mimi nilijua jibu langu, nikatuma hata hivyo.